Ufundi wa tovuti nao ni lugha, tusiwaachie wauza vyeti

Mnamo Januari 2023 alinijia ofisini mwanafunzi wangu wa zamani, binti niliyemfunza fonolojia na sintaksia ya Kiswahili, akaniomba nimwandikie barua ya mapendekezo. Alikuwa amehitimu shahada ya ualimu mwaka 2019, masomo yake yakiwa Kiswahili na Historia, na tangu hapo alikuwa akiisubiri barua ya Tume ya Huduma za Walimu kama mkulima wa nchi kame aisubirivyo mvua ya masika. Hata hivyo, mapendekezo aliyoyataka kwangu hayakuwa ya kuombea kazi ya shule. Alitaka kuomba kazi ya kuunda tovuti katika kampuni moja ndogo jijini Nairobi.

Kutoka mkobani alitoa cheti kipya chenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Kilieleza kwamba amefuzu kozi ya miezi mitatu ya ubunifu wa tovuti katika chuo kimoja cha mjini. Karo ya kozi hiyo ililipwa na mamake, ambaye ilimbidi kuuza mtamba wake wa pekee. Nilikisoma cheti, nikamrudishia, kisha nikamwomba anionyeshe ukurasa mmoja tu alioutengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Aliinamisha kichwa.

"Daktari," akasema, "tulikuwa wanafunzi thelathini na tarakilishi sita. Mwalimu alikuwa akibofya kule mbele, nasi tukinakili daftarini."

Nilitaka kukasirika, lakini hasira hiyo ningeielekeza wapi? Je, mimi mwenyewe sijapata kuwafunza vijana nadharia za uandishi muhula mzima bila ya kuwaandikisha insha hata moja? Isitoshe, sina budi kukiri kwamba nilikuwa sijawahi kuandika hata mstari mmoja wa lugha inayoundia kurasa hizo. Nilikuwa na umri wa miaka 46 na shahada ya uzamifu katika isimu, na kila mara mazungumzo ya tarakilishi yalipozuka katika chumba cha wahadhiri, nilijificha nyuma ya kauli ile ile, kwamba hayo ni mambo ya wanasayansi. Barua sikuiandika siku hiyo. Tulikubaliana tukutane kila Jumamosi asubuhi, yeye na mimi, tuanze moja kama watoto wa chekechea.

Nawaandikia walimu wenzangu na wanafunzi wao kwa sababu niliyoyaona katika Jumamosi hizo yalinibadilisha mawazo. Nimeamini kwamba ufundi wa tovuti ni lugha kabla ya kuwa mashine, na kwamba kijana anayeutafuta kwa ajili ya riziki ataupata kwa kumaliza kazi ndogo ya mtu halisi kuliko kwa kukusanya vyeti.

Kwanza ieleweke kwamba maarifa haya hayana mwenyewe. Mtandao wa wavuti ulipendekezwa mwaka 1989 na Mwingereza Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na Geneva. Mnamo Aprili 1993 kituo hicho kilitangaza kwamba mtu yeyote ana ruhusa ya kuutumia bila ya kulipa. Lugha ya HTML, ambayo ndiyo mifupa ya kila ukurasa, ilipoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 ilikuwa na lebo 18 tu, yaani zile alama ziandikwazo kati ya mabano ya pembe ili kukiarifu kivinjari kwamba hiki ni kichwa, hii ni aya, hiki ni kiungo cha kwenda kwingine. Leo lebo hizo zimepita mia moja, lakini anayeanza akizimudu ishirini atakuwa na ukurasa kamili. Mafunzo yake yanatolewa bure na Mozilla katika hazina yake iitwayo MDN, na shirika la freeCodeCamp limekuwa likiyatoa bure tangu mwaka 2014. Vyombo vinavyohitajika ni programu ya kuandikia maandishi ya kawaida pamoja na kivinjari, na vyote viwili vimo katika tarakilishi yoyote ile, hata ile kuukuu iliyotupwa ghalani mwa shule. Sisemi kwamba kila chuo kinachotoza karo ni cha walaghai. Ninasema kwamba mamake binti huyu aliuza mtamba ili mwanawe anakili daftarini mambo ambayo yanagawiwa bure ulimwenguni.

Somo letu la kwanza lilikuwa refu na la aibu, tena aibu yenyewe yangu. Nilisahau kufunga lebo moja ya kukoza maandishi, na ukurasa wote kutoka hapo kwenda chini ukakoza wino. Mwanafunzi wangu alinionyesha kosa kwa upole ambao mimi sikuwahi kumwonyesha alipokuwa akikosea viambishi vya ngeli. Tangu siku hiyo nikaanza kuutazama msimbo kama nitazamavyo sentensi changamano. Kishazi kilichofunguliwa ndani ya kingine hakina budi kufungwa kabla ya kile kilichokizunguka, mithili ya sufuria zinazopachikwa moja ndani ya nyingine. Mwalimu yeyote aliyewahi kuchora mchoro wa matawi ubaoni analijua jambo hili, ila tu hajaambiwa kwamba analijua.

Jumamosi ya pili ilitufikisha mahali nilipopapenda zaidi. Binti alikuwa ameandika kichwa cha ukurasa kama alivyofunzwa chuoni: aliandika aya ya kawaida, akaikuza herufi, akaikoza wino. Kwa macho yetu kilikuwa kichwa. Kwa kivinjari ilikuwa aya iliyonenepa. Nilimuuliza, "Katika sentensi 'Uji ameunywa mtoto', kiima ni kipi?" Akajibu bila ya kusita kwamba ni mtoto. Nikamuuliza tena, mbona kisiwe uji, na ilhali ndio uliotangulia? Akaanza kueleza kwamba kiambishi cha upatanisho kinamwelekea mtoto, na kwamba nafasi ya neno ni jambo moja na kazi yake ni jambo jingine. Katikati ya maelezo alinyamaza, akaitazama ile aya yake iliyonenepa, akacheka. Aliifuta, akaandika lebo ya kichwa.

Naam, hapo ndipo wanafunzi wengi wa ufundi huu wanapopotezwa. Wanafunzwa sura kabla ya muundo. HTML hueleza kila kipande kina kazi gani; namna kipande hicho kitakavyoonekana, yaani rangi yake, ukubwa wake na nafasi kati yake na jirani yake, huelezwa na lugha ya pili iitwayo CSS, ambayo ilipendekezwa na Mnorwe Håkon Wium Lie mwaka 1994. Aliyezitenganisha mbili hizi akilini mwake anaweza kuuvisha ukurasa mmoja mavazi kumi bila ya kuugusa mwili. Aliyezichanganya atalazimika kushona upya kila siku.

Kufikia mwezi wa Machi tulikuwa tumechoshwa na kurasa za mazoezi zinazowahusu watu wasiokuwako. Karibu na lango la chuo chetu kuna mama mmoja mwenye duka la maziwa. Huuza maziwa mabichi, maziwa lala, mtindi na samli. Binti alimwendea, akamwomba idhini ya kumtengenezea ukurasa. Yule mama alimtazama, akauliza, "Na hicho kitu, msichana wangu, kitaninunulia lita ngapi?" Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kusikia katika mikutano ya kitaaluma. Jibu halikupatikana papo hapo, lakini lilitubadilisha. Kabla ya hapo tulikuwa tukijiuliza ukurasa uwe wa rangi gani. Sasa tukaanza kujiuliza mteja wa maziwa anataka kujua nini. Anataka kujua bei ya leo, saa za kufungua, nambari ya simu, na kama maziwa yanaweza kumfikia nyumbani. Hayo tu. Picha za machweo ya jua tulizokuwa tumezichagua ziliondolewa.

Ukurasa ulipokamilika tuliutazama katika kipakatalishi changu, ukapendeza. Mama alipoufungua katika simu yake, maandishi yalikuwa madogo mithili ya siafu. Hatukuwa tumeandika ule mstari mmoja unaoiamuru simu itumie upana wake halisi; pasipo mstari huo, simu hujifanya kuwa ina kioo kipana cha tarakilishi, kisha huufinya ukurasa mzima ili utoshe. Kosa la pili lilikuwa picha ya mitungi ya maziwa, ambayo ilikuwa na uzito wa megabaiti 4 kama ilivyotoka katika kamera. Mama alilalamika kwamba ukurasa wake mwenyewe unamla bando. Tuliipunguza picha hadi kilobaiti 150, na hakuna jicho lililoona tofauti. Mtu anayejifunzia katika maabara yenye mtandao wa bure hayaoni makosa haya kamwe. Huonwa na mwenye simu ya bei nafuu na bando la shilingi ishirini, na huyo ndiye mteja.

Halafu kukaja kisa cha ng'ombe. Mama alitaka mteja aweze kuandika idadi ya lita na kupata jumla ya bei. Hilo linahitaji lugha ya tatu, JavaScript, ambayo Brendan Eich aliibuni mwaka 1995 kwa muda wa siku kumi. Binti aliandika majina ya bidhaa, kila jina akilizungushia alama za mtajo zile za moja moja kama alivyoelekezwa na kitabu. Samli ilikubali. Maziwa lala yalikubali. Alipoandika 'Maziwa ya ng'ombe' ukurasa wote ukafa. Tulihangaika saa mbili nzima. Kumbe ritifaa ya ng'ombe na alama ya kufunga mtajo ni kibonye kimoja katika kibodi! Mashine ilisoma "Maziwa ya ng", ikadhani kwamba jina limekwisha, kisha ikakumbana na neno "ombe" lisilo na maana yoyote kwake.

Nilisimama pale nikiwa na furaha ambayo mke wangu hadi leo haielewi. Kwa miaka ishirini nimekuwa nikiwaeleza wanafunzi kwamba ng' ni fonimu moja, nazali ya kaakaa laini, na kwamba ile ritifaa si pambo. Nao kwa miaka ishirini wamekuwa wakiiacha katika mitihani bila ya woga. Leo nilikuwa na ushahidi wa mashine iliyozimika kwa sababu yake. Dawa yenyewe ni nyepesi: jina lizungushiwe alama za mtajo za mbili mbili. Lakini aliyeandika kile kitabu hakuwahi kufikiria ng'ombe, ng'ambo wala ng'arisha. Ni nani atakayeyafikiria haya kwa niaba yetu ikiwa walimu wa Kiswahili watabaki nyuma ya kauli kwamba hayo ni mambo ya wanasayansi?

Kadhalika kuna herufi mbili ambazo ningependa kila mwalimu wa Kiswahili azijue. Mwanzoni mwa msimbo wa ukurasa, mwandishi hutaja ukurasa umeandikwa kwa lugha gani. Violezo vingi huja vikiwa vimekwisha kuandikwa "en", yaani Kiingereza, na wengi wetu huviacha hivyo. Nina mwanafunzi asiyeona ambaye husomewa kurasa na programu ya NVDA, inayotolewa bure na ambayo ilianzia Australia mwaka 2006. Tulimpa ukurasa wa maziwa ausikilize. Alivaa vipokea sauti, akasikiliza kwa muda, akauliza, "Daktari, huyu Mzungu anayesoma bei ya maziwa ni nani?" Irabu zetu zilikuwa zimepindwapindwa hata "lita" na "bei" hayakutambulika. Tulibadilisha "en" tukaweka "sw". Aliposikiliza mara ya pili, ukurasa ulisomwa kwa sauti ya Kiswahili. Sauti ile ilikuwamo humo muda wote, haikuwa imeitwa. Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii sambamba na Kiingereza. Herufi mbili hizo zinalisema jambo hilo hilo kwa tarakilishi, na ningeomba kila anayetengeneza ukurasa wa shule yake azikague kabla ya chakula cha mchana.

Najua msomaji atauliza: kuna haja gani ya kuyasumbukia haya ilhali akili bandia inaweza kuandika ukurasa kwa dakika moja? Ni swali la haki. Tangu Novemba 2022, ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma, programu za aina hiyo zimezagaa, na binti aliijaribu mojawapo. Ilimpa ukurasa mzuri kwa sura. Ndani yake mlikuwa na nambari ya simu isiyo ya mtu yeyote, bei ya lita iliyozuliwa, na tangazo la "maziwa mapya". Hakuna mtu wa kwetu anayekunywa maziwa mapya. Tunakunywa maziwa mabichi au yaliyochemshwa. Aliyasahihisha yote kwa nusu saa kwa kuwa sasa aliweza kuusoma msimbo. Mwenzake aliyesoma naye chuoni, mwenye cheti kama chake, aliletewa ukurasa kama huo na hakujua aanzie wapi.

Hata hivyo, sitaki kumdanganya kijana yeyote. Ukurasa mwepesi umekuwa rahisi kutengeneza na kwa hiyo malipo yake yamepungua. Sehemu kubwa ya tovuti za ulimwengu hujengwa juu ya mifumo iliyo tayari kama vile WordPress, na waombaji wa kazi ni wengi kuliko nafasi. Anayeahidi kwamba miezi mitatu itamtoa mtu katika ufukara anauza ndoto. Binti alitengeneza kurasa nne mwaka ule: ya maziwa, ya fundi cherehani, ya kanisa la mtaani, na ya shule moja ya chekechea. Mama wa maziwa alimlipa shilingi 3,000 pamoja na lita mbili za maziwa lala kila Jumamosi kwa miezi mitatu, na maziwa hayo nusu niliyanywa mimi. Kanisa lilimlipa kwa maombi. Lile swali la lita ngapi lilijibiwa mwezi wa Juni, mpishi wa shule moja ya bweni alipouona ukurasa, akapiga simu na kuagiza lita arubaini kwa siku.

Mnamo Septemba 2023 hatimaye nilimwandikia barua yake. Ilikuwa fupi: nilieleza kwamba namfahamu, na kwamba kazi zake ni hizi nne, anwani zake ni hizi. Alipoitwa kwa mahojiano hakuna aliyekigusa cheti cha muhuri wa dhahabu. Walimtaka afungue kazi yake katika simu yake mwenyewe, kisha wakamwonyesha mstari mmoja na kumuuliza kwa nini hapo alitumia alama za mtajo za mbili mbili na kwingine za moja moja. Aliwasimulia habari za ng'ombe. Walimpa uanagenzi wa miezi sita kwa posho ndogo, na ulipokwisha wakampa mkataba wa mwaka mmoja. Barua ya Tume haijamfikia. Mshahara wake wa kwanza wa mkataba alimpelekea mamake, wakauongezea na akiba, wakanunua ndama.

Ukurasa wa maziwa ungalipo. Kabla ya kuhamia Nairobi, binti alikuwa amemwonyesha mwenye duka mstari unaobeba bei ili aubadilishe mwenyewe kwa simu. Wakati wa kiangazi cha mwaka 2024 niliufungua kutaka kujua iwapo bei imepanda. Ilikuwa imepanda kwa shilingi kumi. Chini yake mama alikuwa ameongeza aya ambayo hakuna aliyemfunza kuiandika: "Mkopo ni kesho." Nilichungulia msimbo. Lebo alikuwa ameifunga sawasawa.